Gumba Kwanza

Ukikutana na Sajini, hakuangalii uso kwanza. Anaangalia vidole gumba vyako. Unamsalimia, unamuuliza habari za nyumbani, na macho yake yako palepale mikononi mwako, mpaka unaanza kujiuliza kama ulitoka nyumbani bila kunawa. Baadaye ndiyo anainua uso na kusema, "Sawa. Wewe unafundishika." Ama anyamaze, na hapo ujue umeanguka mtihani ambao hata hukujua unaufanya.

Mimi nilipita, na mkasi ndio uliniokoa. Nina duka la kushona hapa Nyamasaria, kando ya barabara ya Nairobi. Nashona yunifomu za shule na kanzu za kwaya. Sajini alikuwa amehamia nyumba iliyo nyuma ya yangu, ua wa mabati ukiwa katikati, na alikuja nimpunguzie suruali. Mteja mwingine akaniomba mkasi, nikampa upande wa kushikia, ncha ikiwa kwangu.

"Nani alikufundisha kupeana mkasi hivyo?" Sajini akauliza.

"Mama yangu, huko Ahero."

"Mama yako angefaa jeshini."

Hivyo ndivyo tulivyojuana. Mambo ya kuzaliwa kwake na watu wake siyajui, na sikuwahi kuuliza. Nilichojua ni kile mtaa wote ulikuwa unajua, kwamba alistaafu kutoka jeshini na kazi yake ilikuwa moja tu, kufundisha bastola. Wanafunzi wake walikuwa wale wa kikosi maalum, wanaotumwa mahali ambapo wengine hawatumwi. Ukimwita mpiganaji anakataa. "Mimi ni mwalimu wa bastola," anasema. "Vita muulize mwingine."

Kuishi karibu naye kulikuwa na sheria zake. Usimnyooshee mtu kitu chochote, hata kijiko. Mwavuli unabebwa ncha ikiangalia chini. Watoto wa ploti wakicheza na vijiti, sauti inatoka nyuma ya mabati, "Elekeza chini!" na vijiti vyote vinashuka. Mpaka leo watoto wa huku wakitumwa ufagio wanaubeba ukiangalia chini, na wazazi wao wala hawajui tabia hiyo ilitoka wapi. Kanisani ndiyo ilikuwa kichekesho. Pasta akipata moto na kuwanyooshea waumini kidole, Sajini anasogea kando kidogo kwenye benchi ili kidole kipite. Nimeyaona haya kwa macho yangu, sijaambiwa.

Na mtu huyo huyo, Mungu anisamehe nikicheka, hawezi kuchinja kuku. Kabisa! Akitaka kula kuku ananipitishia juu ya mabati, akiwa amemfunga miguu vizuri na kitambaa ili asiumie. "Mama Omondi, kuna kazi." Halafu anaingia ndani na kuongeza sauti ya redio. Nikimaliza nampigia mabati, anatoka, anapokea sufuria, na hataki kuangalia pale chini penye damu. Siku moja nikamwuliza, wewe mwenye kufundisha watu bastola, kuku anakushinda namna gani? Akanijibu bila aibu, "Kuku ananiangalia."

Alikuwa mpole wa sauti, lakini mpira ukianza redioni alikuwa anatukana wachezaji mpaka nafunga dirisha. Alikuwa na huruma kwa kuku, lakini samaki aliwahukumu. Hakula samaki wa sokoni hapa mjini, eti wamelala, si wa leo. Alingoja wa Port Victoria, aliyetumwa na dada yake, na akimpata alikula kichwa mpaka mfupa wa mwisho, na hapo hutamsemesha.

Sasa nije kwa bastola yake ya mti.

Alikuwa ameichonga mwenyewe, nyeusi kwa kushikwa, na ubavuni alikuwa amepigilia msumari uliopinda, unaozunguka. Huo msumari ulikuwa loki, ya kuzuia risasi isitoke bila kutaka. Bastola waliyokuwa wakitumia kikosini wakati wake ilikuwa na loki ubavuni, pale gumba linapofika. Ukiichomoa kiunoni, gumba linashusha loki kwanza, ndiyo kidole kingine kiende kwenye triga. Ukimaliza, gumba linapandisha loki, halafu unairudisha kwenye mfuko wake wa kiunoni bila kuiangalia, macho yako mbele kwa adui. "Gumba kwanza!" Hilo ndilo neno lake. Alilisema asubuhi, alilisema mchana. Nilikuwa nalisikia mpaka nikikanyaga cherehani mguu wangu unafuata, gumba kwanza, gumba kwanza.

Aliyekuwa akifundishwa nyuma ya mabati ni mwanangu, Omondi. Baba yake alituacha mapema, Mungu amlaze, na mimi nilifurahi kijana wangu amepata mwanaume wa kumwangalia. Akitoka shule anaruka mabati. Nilifikiri ni mchezo. Kumbe mwenzangu anaandaa askari! Omondi alipomaliza shule akaingia jeshi, na baada ya muda akachaguliwa kikosi maalum, na akaja kuniambia akiwa anacheka meno yote nje. Nilikaa kwenye kiti cha cherehani na yunifomu za siku hiyo sikuzishona.

Sajini sikumsemesha kwa muda mrefu sana. Tulikutana barabarani nikageuza uso. Kuku wake niliendelea kuchinja, kuku hana makosa, lakini sufuria nilikuwa naiweka juu ya mabati na kuondoka.

Omondi ndiye aliyetupatanisha. Kila akija likizo anamvuta mzee wake, Jaduong' kama alivyomwita kwa heshima, aje kula kwetu, na mimi siwezi kumfukuza mgeni wa mwanangu mezani. Siku moja tulikuwa na samaki, samaki wa Port Victoria, na Sajini alikuwa ndiyo anaanza kichwa, Omondi akasema, "Jaduong', tumebadilishiwa bastola. Kikosi chote. Ile ya zamani imerudishwa stoo."

"Iko namna gani hiyo mpya?"

"Nyepesi. Mwili wake plastiki. Inabeba risasi nyingi, haikwami kwa mchanga, haikwami kwa matope. Na haina loki."

Sajini akaacha kutafuna. "Haina loki?"

"Ya ubavuni haina. Loki iko ndani. Usipovuta triga haifyatuki, hata uiangushe. Ukivuta, imefunguka."

"Na kitu kingine kikivuta?"

"Kitu gani sasa?"

"Mimi ndio nakuuliza."

"Jaduong', wakubwa wameipima hiyo kitu vizuri. Nchi nyingi wako nayo. Hiyo yenu ilikuwa nzuri, lakini sasa ni ya kuweka makumbusho."

Yawa! Nilimkanyaga mguu chini ya meza lakini neno lilikuwa limeshatoka. Sajini akanyoosha mkono kwenye beseni, akanawa, akashukuru kwa chakula, ero kamano, akaenda. Kichwa cha samaki kikabaki kwenye sahani, nusu. Ndipo nilipojua ameumia.

Omondi alijua pia, ndiyo maana akaanza kuongea mengi ili kufunika. Akasema shida yake ni gumba. Kila akichomoa ile mpya, gumba linashuka kutafuta loki, halikuti kitu, na mwalimu wao mpya anamcheka. "Vidole vyangu ni vya Sajini, Mama." Halafu akanisimulia, akicheka bado, juu ya mwenzake mmoja wa mazoezini. Alikuwa amemaliza kupiga shabaha, anarudisha bastola mfukoni bila kuangalia, kama walivyozoea, na nguo ikaingia pamoja nayo, ikavuta triga. Risasi ilipita pajani. Yuko hai, lakini anachechemea, na jeshi limemweka ofisini.

Mimi sikucheka. Nilimwangalia mwanangu, paja lake pale kwenye kiti changu, na nikasukuma sahani kando. Nimezoea kuogopa adui. Mama yeyote wa askari amezoea. Lakini kuogopa mwanangu atajipiga mwenyewe, kwa sababu mkono wake unakumbuka bastola ambayo haipo, hiyo ilikuwa hofu mpya.

Omondi alirudi kambini jioni hiyo hiyo. Asubuhi nikapitia mlango wa mbele kwa Sajini, si mabati. Alikuwa ameketi kwenye stuli, bastola yake ya mti mapajani.

"Hivyo vidole ulimwekea wewe," nikamwambia hata kabla ya salamu. "Vitoe."

"Vidole havitolewi, Mama Omondi."

"Basi utanizikia mtoto!"

Alikuwa anazungusha ule msumari, juu, chini. "Si gumba linalonisumbua," akasema. "Gumba likipapasa hewa, anachelewa kidogo tu. Shida ni kurudisha. Nimewaambia watu wote hao warudishe bila kuangalia. Macho mbele, macho mbele. Nilikuwa naweza kusema hivyo kwa sababu loki ilikuwa inawalinda. Nguo ikiingia, si neno, loki imepanda. Sasa hakuna kitu kinawalinda, na mkono bado unarudisha haraka."

"Kumbe unajua."

"Najua tangu jana, kwa samaki."

"Basi fanya kitu."

"Mimi mzee wa pensheni nifanye nini? Bastola yenyewe sijawahi hata kuishika."

Nilishikwa na hasira. "Wewe ni Sajini ama hilo ni jina tu la kuitwa barabarani?" nikamwambia, na nikaondoka.

Siku zilizofuata nikasikia panga nyuma ya mabati, halafu msasa. Halafu akaja kuniomba vibanio vya nguo kutoka kwenye kamba yangu ya kuanikia. Nikampa. Halafu akaja dukani, jua linawaka mpaka lami inanuka, na jaketi ya mvua kwenye mfuko wa karatasi.

"Nataka uniwekee kamba hapa chini, ya kukaza kiunoni. Na kile kidude cha plastiki mwishoni."

"Sajini, na hili jua?"

"Weka."

"Kamba ndefu ama fupi?"

"Ndefu ya kutosha kumletea mtu shida."

Nikafikiri, basi, mzee amepotea, na mimi nimemtukana mtu mgonjwa. Nilimshonea bure, kwa kujuta.

Kesho yake nikiwa naanika nguo nikachungulia. Alikuwa amesimama katikati ya uwanja wake, jaketi mwilini, jasho linamtoka, na kiunoni mfuko wa bastola wa plastiki ngumu. Mkononi alikuwa na bastola mpya ya mti, nyeupe bado, bila msumari ubavuni. Mahali pa triga alikuwa amefunga kile kibanio changu kwa mpira, kikiguswa kinaruka na kulia ta! Akachomoa. Akarudisha haraka, macho mbele, kama alivyofundisha watu maisha yake yote. Kamba ikaingia. Ta! Akatoa tena, akarudisha. Ta! Kila ikilia alikuwa anasema kitu kwa Dholuo ambacho siwezi kukiandika hapa.

Ikawa ndiyo sauti ya ploti. Ta, asubuhi. Ta, jioni. Majirani wakacheka, watoto wakawa wanamwitikia, ta! Yeye hakuwajali. Mimi nilikuwa nashona nikiwa na sikio moja nyuma. Halafu, pole pole, zikaanza kuwa chache. Ikifika jioni nasikia moja tu, au hamna. Siku ambayo sikusikia hata moja nilidhani amesafiri, nikachungulia, na nikamkuta palepale, anatoa na kurudisha, anatoa na kurudisha, kimya.

Omondi akaja kuaga. Alikuwa anapelekwa kazini, mahali ambapo sisi hatuambiwi. Alikuwa bado anamwonea Sajini aibu, na akakaa ndani mpaka sauti ikatoka upande wa pili.

"Omondi! Njoo unifundishe hiyo mpya."

Mwanangu akaniangalia. "Ati mimi nimfundishe?"

"Umesikia. Enda."

Nikasimama kwenye kamba ya nguo na shati moja lililolowa, nikijifanya nalinyoosha. Sajini alisimama wima mbele ya mtoto aliyemfundisha kushika bastola ya mti, mikono ubavuni. Omondi akaanza kwa aibu, halafu akazoea. Shika juu zaidi. Usitafute loki. Kidole kikae nje ya triga mpaka uamue. Na yule mzee anajibu, "Ndiyo, mwalimu. Ndiyo, mwalimu." Hakuwa anacheza. Alikosea, akarekebishwa, akashukuru.

Walipomaliza akavua jaketi. "Sasa na wewe vaa hii. Toa. Rudisha."

Omondi akachomoa ile ya mti, akarudisha haraka, kichwa juu, safi kabisa. Ta!

Hakuna aliyecheka. Omondi akashusha macho taratibu, akaona kamba imeingia mfukoni pamoja na bastola, imezunguka kibanio, na mdomo wa bastola unaangalia paja lake.

"Huo mguu ni wa mama yako," Sajini akasema. "Mimi nitamwambia nini?"

Shati likanitoka mkononi, likaanguka kwenye mchanga. Nikaliacha huko.

Halafu akamfundisha, na hii ndiyo sauti yake ninayoikumbuka zaidi, ya chini, bila haraka. "Nilikwambia macho mbele. Nilikosea kwa hii mpya. Angalia kwanza kama adui yupo. Akiwa yupo, kwa nini unarudisha? Kama hayupo, una haraka ya nini? Kutoa, kimbia. Kurudisha, hakuna mtu anakungoja. Mkono wako wa kushoto hauna kazi, upe kazi. Gumba la kushoto liingie chini ya nguo, liinue, lipite mdomoni mwa mfuko. Kama kuna kitu, litakiona kabla ya macho. Halafu macho. Halafu bastola." Akamshika gumba la kushoto. "Gumba kwanza. Ni lile lingine tu."

Walirudia mpaka jua likageuka. Kibanio hakikulia tena.

Tangu hapo nilianza kumsalimia Sajini kama mtu. Lakini magoti yalikuwa yameanza kumsumbua, na dada yake akaja kumchukua, akampeleka kwake Port Victoria. Siku ya kuondoka akanipitishia kuku wa mwisho juu ya mabati, na redio haikuongezwa sauti, kwa sababu ilikuwa imeshafungwa kwenye gunia. Aliingia tu ndani ya nyumba tupu na kuziba masikio.

Omondi alikuwa hapigi simu mara nyingi. Mtandao ni shida huko, na mimi nilikuwa nimejizoesha kutoshtuka simu ikilia. Alinipigia nikiwa napiga pasi kola za kwaya.

"Mama, mwambie Jaduong' kamba iliingia."

Nikazima pasi. "Omondi."

"Ngoja nikwambie. Kulikuwa na mvua, tumevaa majaketi. Tumemaliza kukagua nyumba, hakuna mtu, tunapanda gari, watu wanaharakisha. Nikawa narudisha bastola. Gumba likapita, likakuta kamba iko ndani ya mfuko tayari. Sikuwa nimeiona. Nikaitoa, nikaangalia, nikarudisha. Nikapanda gari."

"Halafu?"

"Hakuna halafu, Mama. Hakuna kitu kilitokea."

Nililia mpaka kola zikabidi zifuliwe upya. Sioni aibu kusema. Nililia kwa raha, na jirani wa duka la pili alikuja mbio akidhani nimefiwa, nikamkumbatia bila kumweleza.

Habari kama hiyo haipelekwi kwa simu. Nikachinja kuku nyumbani, nikampika kabisa ili mtu asione damu, na nikasafiri mpaka Port Victoria. Nilimkuta nje ya nyumba ya dada yake, kwenye kiti, blanketi magotini, upepo wa ziwa unampiga na yeye hataki kuingia ndani. Nywele zilikuwa nyeupe zote. Akaniangalia vidole gumba kwanza, akanitambua.

"Mama Omondi. Kuna kazi?"

"Hakuna kazi, Sajini. Nimekuletea maneno."

Akashika mikono ya kiti. Nikaona uso unakauka, maana mtu aliyesafiri mbali hivyo kwa habari za askari kwa kawaida ameleta maneno ya aina moja. Nikaharakisha kumwambia. Mvua, jaketi, gari, gumba, kamba. Kamba iliingia, akaitoa.

"Aliangalia?"

"Aliangalia."

"Ni gumba la kushoto?"

"La kushoto."

Pumzi ikamtoka ndefu, mabega yakashuka, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nikamwona Sajini ameegemea kiti. Dada yake akaleta sahani. Hakuigusa. Alikuwa anaangalia vidole gumba vyake mwenyewe, kimoja baada ya kingine, na machozi yanashuka bila kufutwa.

"Hebu rudia," akasema.

Nikarudia yote, tangu mvua.

"Sasa rudia ile ya mwisho tu. Ile ya hakuna kitu kilitokea."

Nikavuta stuli karibu, nikamwambia tena.